Swali la Tisa

Uyole, mwezi wa saba. Umande umeganda majanini
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Nina dodoso la kurasa nne, kalamu mbili,
na sweta la kuazima kwa dada yangu Subilaga.

Katika wiki mbili zilizopita,
umepungukiwa na hamu ya kufanya mambo?

Bibi Tupokigwe hakuinua uso kutoka kwenye beseni.
"Mambo gani, mwanangu? Viazi havingoji hamu."
Nikaandika: Hapana.

Swali la tisa nililiruka.
Wajukuu walikuwa mlangoni, kuku alikuwa mezani,
nami niliona haya kumuuliza mtu mzima
kama bado anataka kuwepo.
Nikajaza sifuri. Nikaaga.

Niliporudi mwezi wa kumi na moja shamba lilikuwa halijalimwa.
Jirani alinionyesha nyuma ya nyumba, kwa kidevu.
Alikufaje, hakuna aliyesema.
Kwetu wapo wafu wasioulizwa.

Tasnifu ilipita. Walipigia makofi idadi:
watu mia nne na kumi na wawili.
Mmoja wao ni sifuri niliyoiandika kwa mkono wangu,
imekaa vizuri kwenye jedwali la tatu,
haisumbui wastani.

Nikaanza upya, na daftari la shule
lenye hesabu za kuzidisha mgongoni.
Kihesa, kwa wagema ulanzi.
Mwanjelwa, kwa mwanamke anayekunja mitumba asiyoiuza.
Makete, kwenye nyumba zenye vikombe vingi kuliko watu.
Sikuuliza. Nilisaidia kukunja.
"Kichwa changu kinatembea peke yake."
"Nimejaa, lakini si chakula."
Na mchuma chai wa Mufindi, akifunga kanga kiunoni:
"Daktari, mimi nipo, ila sijahudhuria."

Kwa sentensi hiyo moja nilitafuta ufadhili miaka minne.
Mhakiki wa mbali akaandika: Je, imepimwa?
Imepimwa.
Ina uzito wa kikapu cha majani yaliyonyeshewa.

Wanafunzi wa mwaka wa nne huja Mbeya na makoti meupe
yaliyopigwa pasi na mama zao.
Neno la kwanza ninalowavua ni "kichaa."
La pili ni "haraka," hilo hung'ang'ania zaidi.
Nawaletea beseni la viazi darasani.
Menya, nawaambia, na umsikilize mwenzako;
atakayemaliza wa kwanza amefeli.
Ofisi ya taaluma iliniletea barua yenye mhuri:
viazi havimo kwenye mtaala.
Nikajibu kwamba huzuni nayo haikuwemo
hadi mwaka juzi.

Wengi husahau. Najua.
Huenda kusomea mifupa, ambayo ikivunjika huonekana,
na tukikutana kwenye harusi hunitania habari za viazi.
Mimi pia hucheka.

Ila jana, saa sita usiku, upepo wa Loleza ukigonga mabati,
simu ikalia. Deodata Mgaya, zahanati ya mpakani,
yule aliyekuwa akimenya nene kuliko wote.
"Mwalimu, nimeuliza la tisa."
"Umelitamkaje?"
"Dereva wa lori la mbao. Nilimshikia tochi akifunga kamba.
Nikamwambia, usiku ukirefuka,
huwa unatamani asubuhi isikukute?"
"Akasemaje?"
"Ameacha kamba. Amekaa chini.
Sasa hivi ameomba maji."

Nilikuwa na mengi ya kusema.
Miaka ishirini na mitatu, makala thelathini na moja,
mwongozo wenye jalada la kijani.
"Kaa naye," nikasema. "Usikate simu."

Nikabaki gizani, blanketi mabegani,
nikimsikiliza mtu nisiyemjua
akinywa maji.