Dirisha la Magotini

Duka la baba lilikuwa chini ya mtaa:
ngazi tisa kwenda chini, kisha giza, kisha sigara,
betri, soda, biskuti za ufuta.
Dirisha lake liligusana na lami ya Sofia,
halikupita goti la mtu mzima.
Aliyetaka kiberiti, sharti achutame.

Nami, miaka saba, juu ya kreti ya bia,
niliuona mji mzima ukichutama:
profesa wa jiometri, mkoba ukimponyoka,
kasisi akikusanya kanzu isiguse theluji,
hata mama mwenye nyumba, yule wa kudai kodi
kwa ngumi mlangoni,
naye alishuka, polepole, magoti yakimlia,
kusema, "Metodi, mkate umebaki?"
Baba hakuinua kichwa upesi.
Alimaliza kwanza kuhesabu sarafu.

Nikajua basi kuwa baba yangu ni mfalme,
na ufalme ni kukaa chini
ukiwangoja walio juu wajikunje.

Sura za watu hakuzijali. Alisoma viatu.
"Kisigino kimelika upande mmoja: huyu usimkopeshe."
"Buti mpya, kamba za zamani: mjane."
Alicheka peke yake, mimi nikicheka nyuma yake,
waziri mdogo wa nchi ya chini ya lami.

Februari moja vikaja viatu vya kahawia
visivyochutama.
Ncha ya kulia ikagonga kioo. Mara tatu.
Wala si kwa nguvu. Kama mtu apasuaye yai.

Baba akajifuta mikono kwenye suruali,
akachukua katoni, ile nyekundu, ya bei,
akapanda ngazi tisa.
Sikuwahi kumwona akizipanda mchana.
Dirishani niliona miguu tu:
viatu vya kahawia vimeachana, vimetulia,
na mbele yake sapatu za baba, soksi imetoboka,
visigino vikikaribiana,
vikikaribiana,
hadi vikagusana
kama vya mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Alirudi na theluji mabegani, bila katoni.
"Ni rafiki," akasema. "Bwana Kaludov wa ukaguzi."
Sikuwa nimeuliza.
Halafu, akiziambia betri na biskuti:
"Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Usiku ule supu ilipungua chumvi.
Baba akagonga meza. Mara tatu, nilihesabu.
Akayasema yote aliyoyameza juu ya ngazi,
akamwambia mama.

Mama hakujibu. Aliinuka, akaileta chumvi,
akaiweka ukingoni kabisa mwa meza,
pale ambapo mkono wa aliyeketi haufiki.
Akaendelea kula.
Ilimchukua baba muda mrefu kusimama.

Lile dirisha sasa limezibwa kwa matofali.
Mimi ni mkuu wa shule, huko Plovdiv,
ofisi yangu iko ghorofa ya tatu, jua tele,
viti viwili vya wageni, vyenye mito.
Jana Zdravka, mwalimu mpya, alikuja kuomba ruhusa.
Mwanawe ana homa.
Nilikuwa nasoma barua. Nikaendelea kuisoma.
Nilikwisha kuisoma asubuhi.
Sikumwambia asimame; sikumwambia aketi.
Ruhusa ningempa, nilijua hivyo tangu alipobisha hodi,
lakini kalamu yangu iligonga meza,
sikumbuki mara ngapi,
na nilipogeuza ukurasa ambao nyuma yake
hakukuwa na kitu,
macho yakakosa pa kutua, yakaanguka
kwenye viatu vyake:
vya buluu, kimoja kimeshonwa upya,
visigino vikikaribiana.