Nge na Ngali

Kwetu mtu akivunja sahani huambiwa,
"Usilie, Mohács vilipotea vingi zaidi."
Mimi ndiye ninayefungua lango la hivyo vilivyopotea:
saa tatu asubuhi, funguo nne, tiketi,
kisha nakata nyasi juu ya makaburi ya pamoja
ambamo hakuna ajuaye nani kamlalia nani.

Kaka yangu Bendegúz yuko Pécs, anatunga michezo ya vita
ya kompyuta. Jioni moja ya Novemba akaniletea mmoja,
akauwasha mezani jikoni, kando ya supu ya samaki.
"Piroska, siku ile unaijua kuliko mimi.
Niambie nimekosea wapi."

Nikamwambia. Nilianza na mvua: kijito cha Csele
siku za kawaida mbuzi hukiruka, lazima kifurike.
Kisha joto la Agosti ndani ya deraya.
Kisha hili, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi:
mara ya kwanza Waturuki wamerudi kwao
eti ngamia wameugua;
mara ya pili tumeiteka Istanbul;
mara ya tatu wafuga nyuki wamejitangazia ufalme Buda.
Hii si historia, Bendegúz. Huu ni ulevi.

Akacheka, akaufunga mchezo kwenye reli.
"Haya. Kila kitu kama kilivyokuwa."
Niliwazuia wapanda farasi; wakaenda.
Nilingoja jeshi la Transilvania; halikufika.
Mfalme kijana nilimpeleka mbali na maji,
kioo kikaandika: *Mfalme amezama.*
Nikaanza upya, nikamfungia ngomeni, makomeo saba.
*Mfalme amezama.*
Nikamficha farasi wake.
*Amezama.*
Nikasukuma kiti. Kazi hii naifanya mchana, tena nalipwa.

Ndipo aliposema neno ambalo hadi leo linanikera:
"Asubuhi ile, dada, hakuna aliyeijua jioni yake.
Ukiwapa watu mwisho, umewanyang'anya siku."

Nge ni mlango uliorudishwa tu: ungesukuma, ungefunguka.
Ngali ni ukuta uliochorwa mlango.
Yeye anakaa kwenye nge, analipa kodi huko.
Mimi nafuta vumbi kwenye ngali:
wangalingoja, isingalinyesha, angalivuka.
Majuto ni mjukuu, na wajukuu ndio sisi,
tunakuja na mabasi ya shule na mikate ya soseji.

Lakini mwaka wataalamu walipofukua shimo la tatu
niliwashikia taa, nikapewa taya nilishike.
Meno mazima, meupe kunishinda.
Gego la mwisho lilikuwa halijachomoza,
limelala ndani ya mfupa, limeinamisha kichwa,
linasubiri zamu yake.
Gego lile lilikuwa bado kwenye nge.

Sikumwambia kaka habari ya jino. Nilimwandikia tu:
Ng'oa reli. Ngamia waugue ukitaka,
ila waugue ugonjwa wa ngamia, kwa siku zake,
na anayewazika achoke.
Farasi asiyekula asikimbie.
Barua ichelewe kwa sababu ya daraja, si kwa sababu yako.
Mwisho wa kweli siuhitaji, ninao kazini.
Nipe matope ya kweli.

Akajibu kwa neno moja, "Ngumu,"
akanyamaza miezi mitano.

Sasa ni saa nane usiku. Toleo jipya.
Mvua haijaamua. Washauri wa mfalme wanazozana
na nusu yao, naona, wana akili.
Upande wa kusini vumbi linapanda, sijui la nani.
Kidole kiko juu ya kitufe, na nina hofu ya kipumbavu:
nikishinda, kesho saa tatu nitamfungulia nani lango?

Katika safu ya tatu kuna askari mdogo kama punje ya mtama.
Programu haikumpa jina wala uso.
Nimekuza picha hadi ikavunjika vipande.
Anajikuna shavu.