Barua Niliyomwandikia Wietske

Niliandika: harufu ya banda lako
inaingia hadi kwenye mkate.
Hukujibu. Ulileta fundi,
mabomba, pipa refu la buluu.

Sasa ule mvuke uliowatoa ng'ombe machozi
haupai tena: unavutwa, unanyweshwa tindikali,
unashuka ukiwa chumvi nyeupe.
Douwe wako aliionja kwa ncha ya ulimi,
akatema:
"Kumbe hewa ina uzito!"

Aprili, katika manyunyu ya Friesland,
mliitia kwenye matuta ya viazi.
Majani yakachipua mazito,
kijani cha kuelekea weusi.

Bado kunanuka kidogo, sikufichi.
Ng'ombe si waridi.
Lakini jana nilipita uani kwako
bila barua mkononi;
nilikuwa na kikapu,
kitupu.