Daftari la Michango

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Walinipa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na shule ilikuwa imefungwa, sina wa kumfundisha.
Darasa la pili tulilitandika magazeti,
tukaweka kobe thelathini na mmoja,
kalunguyeye wanne, na bundi
aliyekataa kututazama.

Agosti, kaskazini mwa Evia.
Moto ulikula misonobari hadi ukingo wa bahari,
ukaishia hapo kwa kukosa cha kula.

Nimeandika:
Bibi Vaso, yuro tano na mashuka mawili ya harusi yake.
Mtoto wa Larisa, senti arobaini zilizobandikwa kwenye kadi;
amechora kobe mwenye masikio.
Mtu asiyetaja jina, kutoka Norwe, yuro mia tatu
(daktari Argyro aliposoma, aliketi chini).
Sanduku la soksi ndogondogo zilizofumwa kwa mkono.
Kobe havai soksi.
Nimeandika: zimepokewa, kwa shukrani.

Akaja Stamoulis, mgema wa misonobari,
miaka arobaini akichanja magome kwa kishoka kilekile,
na sasa hana mti hata wa kumpa
kijiti cha kuchokolea meno.
Alibeba debe la utomvu. La mwisho, la Julai.
"Nasikia mnaunga magamba," akasema. "Huu unaunga."

Argyro akalitazama debe, akaitazama mikono yake.
Gundi ya magamba hutoka Athene
katika vichupa vya ukubwa wa kidole,
na bei yake huisemi mbele ya mtu aliyeunguliwa.
Utomvu ungewasha vidonda. Hakumwambia.
"Liweke pale dirishani," akasema.
Nikaandika: debe moja.
Safu ya thamani niliiacha wazi.

Kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa.
Lakini duka la dawa halipokei moyo,
na usiku ule nilihesabu bendeji mara tatu
kana kwamba zingezaana.

Debe likakaa juani wiki nzima.
Likaanza kunuka.
Harufu ikapita ukumbini, ikashuka ngazi,
ikatoka hadi barabarani, na watu wakaanza kusimama.
Mjane wa fundi seremala akaingia kuuliza saa.
Saa ilikuwa mkononi mwake.
Akasimama dirishani, kimya, mpaka chai yetu ikapoa.

Ndipo Argyro akachukua kijiko.
Vipande vya ukubwa wa zabibu,
tukavifunga kwa karatasi za daftari hili hili,
yuro moja kimoja, Jumapili, mlangoni pa kanisa.
Watu walionusa majivu mwezi mzima
wakanunua msitu.
Wengine walikifungua palepale,
wakajifuta macho kwa kiganja,
wakarudi tena nyuma ya foleni.

Stamoulis alikuja wa mwisho na yuro yake.
"Chukua bure," nikamwambia, "ni chako."
Nilidhani angenipiga.
"Niandike," akasema.
Nikamwandika.

Vichupa kumi na viwili. Dripu. Bendeji za kutosha
hata bundi, ambaye bado hakututazama.
Kobe tisa walikufa; nao nimewaandika,
ukurasa wa nyuma, kwa penseli.

Machi tukampeleka mlimani yule wa kumi na nne,
gamba lake na kiraka kama goti la suruali.
Kati ya magogo meusi nyasi zilikuwa zimetoka,
chache, kama ndevu za kijana.
Akatoa kichwa. Akakata jani moja,
akalitafuna polepole mno, sisi tumesimama kwenye matope,
kisha akaenda zake.
Hakugeuka. Kwa nini ageuke?

Mkaguzi wa mkoa alikuja mwezi uliofuata.
Akapitisha kidole chake safu hadi safu,
akafika kwenye debe, akagota.
"Hapa hamkujaza thamani," akasema.
"Na kurasa hizi, nani amezichana?"

Nililisogeza daftari karibu na uso wake.
Nikamwambia anuse.