Makabidhiano ya Stoo Namba Tatu

Funguo ni mbili, Mkunde. Ile ya shaba ni ya kufuli la nje,
hii yenye uzi mwekundu ni ya ndani. Ukiipoteza
usikate kufuli kwa msumeno wa umeme.
Cheche ya humu ni ndefu kuliko mkono wako.

Mapipa ishirini na moja, ya bluu, lita mia mbili kila moja.
Hesabu mwenyewe, usiniamini.
Nami sikumwamini aliyenikabidhi.

Inaitwa methanoli. Ina harufu tamu kidogo,
na hapo ndipo uongo wake unapoanzia.

Lakini usiichukie. Bila yake hatuli.
Ndiyo inayozaa formalini, formalini ikazaa gundi,
gundi ikashika tabaka kwa tabaka za mgrevilea na msindano
mpaka ubao usikumbuke tena ulikuwa miti mingapi.
Kule Njoro kuna fundi anaichanganya na mafuta ya chipsi yaliyochoka;
lori lake linapanda Marangu likinuka viazi.
Na maabara, tone la damu ya mtoto mwenye homa
hugandishwa nayo juu ya kioo
ili kijidudu cha malaria kikose pa kujificha.

Sasa yale ya kuogopa.
Moto wake hauonekani mchana.
Narudia, maana mimi niliambiwa mara moja nikasahau:
saa saba, jua la Moshi likiwa utosini,
unaweza kusimama mbele ya pipa linalowaka
ukaona hewa tu inacheza, kama juu ya lami ya kwenda Himo.
Utaujua kwa nyusi zako.

Kwa hiyo funga waya wa shaba, pipa hadi pipa, kabla hujagusa bomba.
Madirisha wazi, hata kipupwe kikishuka mlimani.
Simu ibaki getini.
Glavu ni hizi nene nyeusi; zile nyembamba za hospitali
inazipenya kama mgeni aliyezoea nyumba.
Ikikumwagikia, vua nguo, aibu baadaye,
na maji, maji, maji,
robo saa kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia.

Na chupa. Mkunde, nitazame.
Hakuna chupa ya maji ya kunywa inayoingia humu.
Hata tupu. Hata yako.

Sifaeli alikuwa mpakiaji, shingo kama gogo, mcheshi.
Alichota nusu lita akaenda nayo matangani, Kiboriloni,
mbege imekwisha na usiku bado mrefu.
Alikunywa peke yake. Wenzake walionja kwa ncha ya ulimi, wakatema.
Usiku ule hakuna kilichotokea. Liandike hilo kwenye daftari lako:
hakuna kilichotokea. Alilala, akaamka, akanywa uji.
Sumu hii haina haraka, inangoja ini limalize kuipika.
Jioni yake akatoka uani, akasema,
"Leo Kibo kimeshuka mpaka mlangoni. Theluji kila mahali."
Ndeanasia, mkewe, akatazama juu.
Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri.

Hospitalini walimtibu kwa pombe, ile nyingine, kwa kipimo,
ili ini lishikwe na maongezi ya ndugu mpole
huku damu ikisafishwa kwa mashine.
Alipona. Macho hayakurudi.

Funguo siku ile nilikuwa nazo mimi.
Mlango niliuacha wazi. Nilikwenda kununua ndizi.

Hilo halimo kwenye fomu, ndiyo maana nakwambia kwa mdomo.

Mwisho wa mwezi huja getini, mkono begani kwa bintiye,
ananisalimu kwa jina kabla sijafungua kinywa.
Nadhani ni harufu, haitoki kwenye koti hili.
Huuliza, "Mlima uko wazi leo?"
Kuna siku nimejibu uko wazi, na haukuwa.

Haya. Saini hapa. Andika na saa.
Halafu vua hiyo saa yako ya betri, uiache nje.