Sajili

Ilianza kuzubaa mwezi wa Aprili.
Nabonyeza herufi, nangoja, herufi inakuja
kama karani aliyeitwa akiwa kwenye chai.
Wateja wamenipangia foleni hapa Community,
fomu za uhamisho wa shamba mkononi,
na mimi nawaambia: subirini, inafikiri.
"Hata mimi nafikiri," akasema bwana mmoja wa Ndeiya,
"lakini huku natembea."

Mpwa wangu Ogeto akaja na tiba.
Programu ya bure, alisema, inafagia sajili.
Ikakimbia dakika tatu, ikaleta hesabu kwa rangi nyekundu:
makosa elfu moja mia tatu na kumi na mawili.
Nikashika kifua.
Kuhesabiwa kulikuwa bure;
kusamehewa, shilingi elfu mbili na mia tano.
Nikalipa kwa simu. Nani hulala na madhambi yote hayo?

Asubuhi iliyofuata iliwaka upesi —
la, nisiseme uongo, iliwaka polepole vilevile,
ila sasa haikuijua printa.
Printa ipo, waya umechomekwa, taa ya kijani inakonyeza,
na kompyuta inaniuliza: printa ipi?
Na daftari la chama chetu, wanawake kumi na tisa,
michango ya miaka minane,
limo ndani, najua limo,
lakini programu iliyolifungua imesahau njia ya kwake.

Nikakumbuka dirisha nambari sita,
baba akiuliza habari za shamba la Nyamache.
Shamba lilikuwepo. Migomba ilikuwepo. Kaburi la nyanya lilikuwepo.
Karani akapekua, akapiga chafya, akasema:
jalada halionekani. Labda walipokuwa wakisafisha kabati.
Baba akarudi nyumbani
akalima ardhi isiyomjua.

Mbithe alikuja kutoka Ngara na bisibisi na brashi ya rangi.
Sajili hakuigusa.
Alifungua kifuniko, akatoa vumbi zito kama sufi,
vumbi la barabara wanayoichimba na kuifukia kila mwaka;
feni ilikuwa ikijivuta humo kama mbuzi kwenye tope.
Akakuta diski imejaa: harusi ya Ogeto, nakala nne.
Akakuta programu kumi na saba zinaamka kila asubuhi kabla yangu,
na miongoni mwao mfagiaji mwenyewe,
ameketi kwenye kumbukumbu, anakula.

"Mistari iliyokufa haina uzito," alisema, skrubu mdomoni.
"Hata ukifuta elfu, hutaona mbio.
Lakini ukikosea ukafuta mmoja ulio hai...
Ulihifadhi nakala kabla?"
Nikanyamaza.
"Hata ya sajili peke yake?"
Nikanyamaza zaidi.

Printa ilirudi siku ya pili.
Kumbukumbu aliniongezea, kijikadi kimoja tu cha mtumba,
na herufi sasa zinafika kabla sijainua kidole.
Daftari la chama halikufunguka.
Mbithe alijaribu mpaka taa za barabarani zikawaka,
akakataa malipo ya saa hizo.

Sasa naliandika upya jioni, kwa kalamu kwanza,
kutoka risiti walizoniletea kwenye mifuko ya unga:
Bosibori. Nekesa. Mueni wa mboga. Wakio.
Wakio alifariki mwaka juzi.
Ogeto, akinichungulia begani, akauliza kama huyo tumruke.

Nimempa mstari wake.