Om Mia Mbili Sitini

Aliegesha mbele ya banda langu, Bahi, saa saba mchana:
gari-nyumba kuukuu la Wajerumani walioishiwa nauli,
kitanda, sinki, pazia la maua,
na ubavuni, kwa brashi ya mkono: CHANJO YA KUKU.

Yunisi Chilongani, bibi mifugo, hakuwa na salamu ndefu.
"Jokofu kwenye gesi linafanya kazi. Umeme linautema.
Gesi iliniishia jana Chali. Nikachomeka gesti usiku kucha,
asubuhi vichupa vina joto la kwapa.
Humo ndani mna dozi elfu nne za mdondo."

Nikachomoa waya kwanza, ndipo nikashika bisibisi.
Marehemu Masinjisa alinifundisha kwa vidole tisa.
Cha kumi ndicho kilichokuwa somo.

Jokofu la namna hii halingurumi.
Lina chungu cha amonia na maji mgongoni,
nawe wakichemsha, wakichemsha,
mvuke unapanda, unapoa, unashuka,
na upande wa pili wa bati siagi inakuwa jiwe.
Mama nilipomweleza alicheka: "Kumbe ni mtungi tu.
Nao hautoi maji baridi mpaka utoke jasho."

Nikanusa. Hakuna kinachochoma macho,
hakuna unga wa manjano kwenye mabomba. Basi hajafa.
Nikaweka bakuli la maji sakafuni: gari limeinamia reli.
Tukatia jiwe chini ya tairi. Wapi.
Fyuzi nzima.
Swichi ya joto inapitisha.
Volti mia mbili thelathini na mbili zinafika mlangoni mwa hita
(TANESCO siku hiyo walikuwa waungwana).
Nikachomoa tena, nikaipima hita yenyewe:
om mia mbili sitini.
Mzima wa afya.

Hapo ndipo fundi huona haya:
kila kiungo kizima, na mgonjwa haamki.

Yeye amekaa kwenye ndoo, haniangalii.
"Mwaka juzi Mpamantwa," akasema,
"nilichanja kwa dawa iliyokufa, bila kujua.
Mama mmoja akazika kuku thelathini na wawili.
Niliporudi hakunitukana.
Alinipakulia ugali wa uwele, na mlenda."

Nikafungua bati la nyuma.
Vumbi, kiota cha nyigu, sufi ya kuzuia joto.
Nikaichambua sufi kama anayetafuta chawa,
nikaiona: hita imechomoka mfukoni mwake,
vidole vinne, si zaidi.
Skrubu ya kuishika imebaki kwenye korongo fulani huko Chali.
Usiku kucha iliwaka kwa nguvu zake zote
ikiipasha sufi,
na chungu pale jirani kikangoja.

Nikairudisha mpaka ikagota.
Skrubu ya kipimo kile sikuwa nayo dukani.
Nikang'oa moja kwenye bawaba ya dirisha langu.

Halina haraka, jokofu hili. Ukilisimamia, linakuaibisha.
Saa kumi na mbili jioni, digrii ishirini na sita.
Saa tatu, kumi na tisa.
Tukala, hatukuongea.
Saa sita usiku, kumi na moja.
Alfajiri jogoo wa jirani alipowika
Yunisi akamulika tochi kwenye kipimajoto,
akasema "nne" kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

"Na zile zilizomo?"
Hakunijibu. Akachukua jembe langu,
akachimba nyuma ya choo, akavunja vichupa
kimoja kimoja, akivihesabu kwa Kigogo.
Vilikuwa baridi tayari. Vilimtoa ukungu vidoleni.

Kisha akawasha gari, akaelekea Dodoma mjini
kuomba vingine, na maelezo ya kuandika.
Alinilipa nusu. Nusu aliileta Desemba,
na tetea mwekundu juu yake.

Dirisha halijapata skrubu.
Upepo ukitoka mbugani usiku linagonga,
linagonga, nami nanyanyuka kitandani
kwenda kulishika kwa mkono.